Tarehe Niliyoisogeza

Mimi ni karani wa masjala ya mahakama, na nisipoeleza kazi yangu mtadhani nagonga mihuri tu. Napanga tarehe. Hakimu anahukumu, sawa, lakini nani asimame mbele yake Jumatatu na nani asubiri mwezi ujao, hilo ni langu, mimi na penseli na daftari langu kubwa lenye jalada jekundu. Ndiyo maana kila asubuhi dirishani kwangu hujaa akina mama. "Dada, nisogezee mwanangu." "Nihurumie, mtoto anaozea mahabusu." Kusogezewa tarehe kila mtu aliona ni fadhila, nami niliona hivyohivyo. Mkali nilikuwa, lakini hata soda ya mtu sijawahi kunywa.

Kwa kesi za bangi nilikuwa na ujanja wangu. Sheria ilisema mzigo ukizidi uzito fulani ni miaka kumi na mitano, iwe kosa la kwanza au la kumi, hakimu apende asipende. Sasa kwa nini nijichoshe kuandika jambo lilelile kila siku? Nikachapa hati ya kifungo na miaka yake kabisa, nikatoa nakala mia mbili, nikaacha nafasi ya jina na tarehe tu. Hakimu alinisifu mbele ya wenzangu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kisha wakamkamata kitindamimba wetu.

Mdogo wangu ni fundi viatu. Mteja alimwachia begi kibandani, akasema atalifuata jioni. Waliolifuata ni polisi. Harufu aliisikia, akanyamaza, na hilo ndilo kosa lake. Mama yetu mmoja, baba zetu wawili, kwa hiyo majina yetu hayafanani na kazini hakuna aliyejua. Alikaa mahabusu mwaka na miezi minne. Nilipomtembelea, shati lilikuwa linamwogelea mwilini.

"Dada, kusubiri ndiko kunakonimaliza," aliniambia. "Si wewe ndiye mwenye daftari? Nisogezee. Hakimu akiniona mwenyewe ataniachia."

Hukumu yake ilikuwa tarehe tisa. Nikafungua daftari. Nafasi ya karibu ilikuwa tarehe ishirini na sita ya mwezi uliotangulia, nayo ilikuwa ya muuza mitumba mmoja, kesi kama yetu, uzito karibu uleule. Nikafuta kwa raba, nikawabadilisha. Mama wa yule muuza mitumba alikuja dirishani akalia sana. "Mama, foleni ni foleni," nikamwambia, nikashusha pazia. Mara moja tu maishani nimempendelea mtu, na nilimpendelea wa tumbo moja na mimi.

Siku ya hukumu hakimu alivua miwani, akamtazama mdogo wangu kwa muda mrefu.

"Ulifumba macho, na hilo ni kosa," alisema. "Lakini wewe si mfanyabiashara wa bangi, hilo naliona. Ningekuwa na uwezo, leo ungelala kwenu. Sheria haikuniachia nafasi."

Nikavuta hati moja kwenye rundo langu. Miaka ilikuwa imeshaandikwa. Nilijaza jina lake kwa mkono wangu huu, kwa mwandiko wangu unaosifiwa, naye kizimbani akinitabasamia ili kunipa moyo mimi.

Habari za kufuta vifungo vya lazima tulikuwa tukizisikia miaka nenda rudi. Kila mwaka wabunge walizijadili, kila mwaka tulicheka. Siku tano baada ya hukumu ile, waraka ukafika mezani kwangu: kuanzia leo, tarehe mosi, hakimu apime mwenyewe kosa na mtu aliye mbele yake. Waliokwisha kuhukumiwa hauwahusu. Niliusoma mara nne nikitafuta mstari niliouruka. Nikamuuliza wakili mmoja habari ya rufaa, kama naulizia mtu baki.

"Watapima kwa sheria ya siku aliyohukumiwa," akanijibu huku anatafuta kalamu yake. "Huyo mtu wako ana bahati mbaya kweli."

Tarehe tisa ikafika. Muuza mitumba akasimama pale ambapo angesimama mdogo wangu, mbele ya hakimu yuleyule. Akapewa mwaka mmoja, na kwa kuwa mahabusu alikwisha kukaa zaidi ya huo, akatoka kwa mlango wa mbele.

Mama yake alikuja dirishani kabla sijafunga faili. Alinishika mikono yote miwili, akalia tena.

"Nisamehe, mwanangu. Siku ile ulipoichelewesha tarehe yetu nilikulaani wewe na waliokuzaa. Kumbe ulikuwa unaniokolea mtoto!"

Nilijaribu kumfurahia, nikashindwa. Nilitaka kumwambia anirudishie tarehe ile. Nilimchukia yule mama, na hakuwa amenikosea chochote.

Jumapili nikaenda gerezani peke yangu. Mdogo wangu alikuwa amesikia habari redioni.

"Dada, tarehe yangu ya mwanzo ilikuwa lini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini tarehe sijawahi kuzidanganya. "Tisa," nikasema.

Alihesabu kwa vidole, polepole, kama anapima wayo wa mteja. Akakunja ngumi. Nilisubiri anitukane.

"Ni mimi niliyekuomba," alisema. "Mama anajua?"

"Anajua sheria imebadilika. Anauliza utatoka lini."

"Basi mwambie tarehe haijapangwa."

Mama ana miaka sabini na minane. Ameshafua shuka za mdogo wangu, ametandika kitanda chake. Kila jioni nikiingia, kabla sijavua viatu, anauliza, "Wamepanga?"

"Bado, mama," namjibu.

"Si wewe ndiye unayepanga? Hebu msogezee, mwanangu."