Mgawanyo wa Punda

Halmashauri ya kijiji ilipopewa punda wawili wa kubeba maji, ilifanya kile ambacho halmashauri zote za mwaka ule wa sabini na tano zilipenda kufanya: iligawa sawasawa. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, mbele kidogo ya Igoma kwa njia ya Musoma, na kilikuwa na vitongoji viwili, Ziwani na Mlimani. Punda mmoja akapelekwa Ziwani, wa pili Mlimani, wajumbe wakapiga makofi, katibu akaandika. Mwenyekiti Mayala, mtu wa kwenda na wakati, akawapa na majina: Azimio na Siasa. Hakuna aliyeuliza kama punda hao waliwahi kulala mbalimbali tangu wazaliwe. Nani amuulize punda?

Azimio wa Ziwani alikabidhiwa Tereza, mjane wa Ndalahwa, na wala haikuwa kwa heshima. Tereza alikuwa mchapakazi wa kweli, lakini hasira zake zilikaa karibu sana na ulimi. Katika mkutano wa kwanza baada ya kuhamishiwa hapo, alisimama kulalamikia kiwanja alichopewa. Sentensi ya tatu alikuwa anafoka, ya nne analia, ya tano yuko nje anaondoka, na watu wa nyuma wanacheka. Tangu siku hiyo kila kikundi cha kazi kilipata sababu ya kutomhitaji. Wakasema basi apewe punda, maana punda hana la kujibu.

Na lile alilotaka kusema siku ile lilibaki kooni. Kule walikotoka, Tereza alikaa boma moja na Ng'washi, mke mkubwa wa Ndalahwa. Miaka ishirini walisaga kwenye jiwe moja. Ndalahwa alipokufa, walimlilia pamoja wakabaki pamoja, wala hawakuona ajabu. Lakini viwanja vilipogawiwa, Ng'washi aliandikwa Mlimani na Tereza Ziwani. Mguu wa Ng'washi ulikuwa mbovu, kwa hiyo Tereza ndiye aliyepanda kumwona kila Jumapili. Alikaribishwa kiti, akaulizwa habari za huko, akaletewa uji kwenye kikombe kizuri kama mgeni, na akirudi hakuwa na hamu ya kuwasha hata moto. Usiulize kama alimwambia mtu. Mwanamke kulia kwa ajili ya mke mwenza, watu wangempeleka kwa mganga.

Siku za kwanza Tereza na Azimio walitukanana, mmoja kwa mdomo, mwingine kwa kusimama. Tereza alipofoka, punda alilaza masikio nyuma, akakita miguu minne ufukweni, na madebe ya maji yakabaki pale pale hadi jua likawa kali. Fimbo ilizidisha ubishi. Asubuhi moja Tereza alikuwa amechoka hata kufoka hawezi. Alisimama tu, akaweka mkono kwenye shingo ya yule mnyama, akapumua. Alipumua mara nyingi, bila haraka, akitazama mawe ya ziwani na ndege waliotulia juu yake. Masikio ya Azimio yakainuka, kisha akaanza kutembea mwenyewe.

Tereza alishangaa, na kesho yake akajaribu tena. Polepole aligundua kwamba punda alimsoma kabla hajasema neno. Mabega yakipanda, masikio yanalala. Pumzi ikishuka, punda naye anatulia. Basi akajifunza kuacha hasira yake isimame kando kwanza, naye asimame, kisha ndipo aseme. Halikuwa jambo dogo kwa mtu kama yeye. Siku nyingine alishindwa kabisa, akamtukana Azimio na ukoo wake wote, kisha akamwomba radhi kwa kumkuna katikati ya masikio.

Lakini tatizo moja halikuondoka. Kila walipofika njia panda karibu na zahanati, Azimio alisimama akageuza uso Mlimani. Akaita kwa ile sauti yao ya kukwaruza, na kutoka juu Siasa akajibu. Hapo hakukuwa na pumzi wala mkono wa kumtoa. Baada ya mwezi aliacha kula, mbavu zikaanza kuhesabika. Bwana mifugo, kijana wa Kihaya aitwaye Longino, alikuja na dawa ya minyoo.

"Shikamoo, mama. Huyu ana minyoo."

"Marahaba, mwanangu. Minyoo gani inayoita ikaitikiwa?"

Longino alicheka, akampa punda dawa vilevile, maana dawa ilikwishaandikwa. Haikusaidia kitu. Siasa naye huko juu akagoma kubeba, na Alhamisi habari ikafika: mkutano wa Ijumaa utaamua, na punda wote wawili wataswagwa mnadani Jumamosi. Kila mtu alijua wanaonunua punda waliokonda wanawapeleka wapi.

Usiku ule Tereza hakulala vizuri. Alijua dawa ya Azimio ni nini, na alijua hakuna mwingine wa kuisema. Alijua pia kwamba akisimama mkutanoni itakuwa kama mara ile: atafoka, atalia, watacheka, na Azimio ataondoka na kamba shingoni. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Ijumaa alasiri watu walikaa katika darasa lisiloezekwa, juu ya matofali, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Ng'washi aliletwa kwa baiskeli, akakaa mbele karibu na mlango kwa sababu ya mguu. Suala la punda lilipofika, Tereza akanyoosha mkono. Minong'ono ikaanza.

"Ndugu Tereza," Mwenyekiti Mayala alisema, kwa sauti ya mtu anayefungua mlango wa zizi la ng'ombe mkali.

Kabla Tereza hajafungua kinywa, Ngosha wa mgambo akadakia, "Asiyefanya kazi ni kupe, hata akiwa punda! Auzwe, na mwenye punda naye afuate!"

Darasa zima likacheka. Tereza alisikia joto likipanda shingoni, mabega yakianza kuinuka, na matusi mazuri kabisa yakijipanga. Akasimama tu. Akaikita miguu yake miwili chini, akateremsha mabega, akapumua kama apumuavyo ufukweni. Kicheko kilipokosa cha kushika kikaisha chenyewe, na bado akangoja kidogo.

"Azimio si mvivu wala hana minyoo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata yeye akaisikia kwa mshangao. "Ametenganishwa na mwenzake. Waliletwa pamoja, walikua pamoja, sisi tukawagawa. Warudisheni zizi moja. Asubuhi wabebe maji ya Ziwani wote wawili, jioni ya Mlimani wote wawili. Mkiona baada ya mwezi hawajafanya kazi, wauzeni, nami nitawapeleka mwenyewe."

"Na usawa je?" Mayala akauliza.

"Usawa ni kila nyumba ipate maji, Ndugu Mwenyekiti. Punda tumewagawa sawa, na maji hatuna."

Wanawake waliguna kwa kukubali, maana ndio waliokuwa wakibeba ndoo kichwani mwezi mzima. Kura ikapigwa kwa mikono, hoja ikapita. Ngosha naye alinyoosha, akijifanya anajikuna. Katibu akaandika.

"Haya. Kuna lingine, Ndugu Tereza?" Mayala aliuliza kwa mazoea tu, huku akikunja karatasi zake.

Tereza alikuwa amekwishaanza kuketi. Akasimama tena.

"Lipo. Mimi pia."

"Wewe pia nini?"

"Mimi pia mlinigawa. Naomba kiwanja Mlimani, karibu na dada Ng'washi."

Mayala akavua miwani. "Lakini mama," akasema, na sasa alisahau undugu wa mkutano, "tuliwatenganisha kwa wema! Nyinyi ni wake wenza. Tulisema mzee hayupo tena, wapumzike na ugomvi."

"Ugomvi tulikuwa nao," Tereza akasema. "Ulikuwa wetu. Nyumbani kwangu sasa sina hata wa kugombana naye." Hapo sauti ilitetemeka na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, lakini safari hii hakukimbia. Alisimama nayo hadi akamaliza. "Sili vizuri, Ndugu Mwenyekiti. Nimekosa mwenzangu."

Mayala alitazama karatasi zake. Alisema viwanja vimekwishaandikwa hadi wilayani, kwamba itabidi barua, kwamba hawezi kuahidi. Alikuwa bado anaeleza habari za barua pale Ng'washi, ambaye hajawahi kusema neno katika mkutano wowote, aliposhika ukuta akainuka. Akavuta ule mguu wake mbovu hatua kwa hatua, akapita mbele ya meza ya wajumbe bila kuomba ruhusa, mpaka kwenye tofali ambalo Tereza alikuwa ameketi tena.

"Sogea," alisema.

Tereza akasogea.