Mpiga Pasi wa Juárez

Alhamisi asubuhi simu ililia katika duka la ushonaji la Dorothea, pale Wheaton, Marekani. Alikuwa Cosmas, mwalimu wa kwaya.

"Dada, sare zetu zimefikia wapi? Jumapili ndiyo jubilei."

"Zimekwisha, kaka'angu! Zimebaki vifungo tu. Njoo Jumamosi."

Uongo mtupu! Kati ya magauni thelathini na sita, yaliyokamilika yalikuwa tisa. Dorothea akashika kichwa. Akiwaangusha hawa, hakuna Mtanzania atakayemletea kitambaa tena, kuanzia Wheaton mpaka Fairfax.

"Senyora," alisema Maricela, mpiga pasi wake, kwa Kiingereza cha kuokoteza. "Kila mtu anashona gauni zima peke yake. Ndiyo maana hatufiki. Tugawane."

Maricela alitoka Juárez, mji mkubwa wa Mexico ulio mpakani kabisa. Ng'ambo ya mto ni Marekani. Huko Juárez alishona vitambaa vya viti vya magari kiwandani kwa miaka kumi na mmoja.

Dorothea alipandisha hasira. "Yaani mimi, fundi wa miaka ishirini, nifundishwe kazi na mpiga pasi?" Kwao Moshi fundi hushona nguo yake mwanzo mwisho. Ukimwachia mwenzio hata mkono mmoja, watu watasema hujui kazi.

"Sawa, shangazi," alidakia Edna, binti wa kaka yake, kutoka kwenye cherehani ya pili. "Jumamosi utamwambia Cosmas wakaimbe na vitambaa mabegani."

Dorothea alicheka bila kupenda, akanywea.

Maricela akasogeza meza. Dorothea viwiliwili, Edna mikono, yeye kola. Uzi, mkasi, pini, vyote vikakaa pale mkono unapofika. Jamani, yule mama! Anageuza kola, anapiga mshono, anaitupa kapuni, Edna bado anatunga uzi. Na mshono umenyooka! Edna akielemewa, Maricela anahamia kwenye mikono bila neno, kisha anarudi kwenye kola zake. Miezi saba Dorothea alikuwa amempa pasi tu. Aliona aibu kweli.

Ijumaa jioni gauni la mwisho lilitundikwa.

"Wewe mwanamke ni kiboko!" Dorothea alimkumbatia.

Maricela alikuwa bado analitazama lile gauni. "Jumapili naweza kuja kuangalia?"

"Kanisani? Kuangalia nini?"

"Kiwandani nilishona upande wa kushoto tu, viti zaidi ya mia kwa siku. Mzigo unavuka mpaka, basi. Sijawahi kumwona mtu hata mmoja akitumia kazi yangu."

Dorothea akamwambia aje, akae benchi la mbele.

Jumapili kwaya iliingia kwa madaha, kanisa zima likapiga vigelegele. Maricela, kwenye benchi la mbele, alilia waziwazi, akijipangusa kwa kiganja. Baada ya wimbo, Cosmas akashika kipaza sauti.

"Fundi wetu yuko wapi? Asimame tumwone!"

Watu wote walimgeukia Dorothea. Dorothea hakusimama. Alimshika Maricela mkono, akamwinua.

"Fundi ni huyu," alisema kwa sauti.