Siku Kumi na Moja za Eda

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja nimalize eda ya marehemu mume wangu Ramadhan, nilipoambiwa kwamba nyumba yangu ina sumu na lazima ibomolewe.

Aliyeniletea habari ni Bwanausi, karani wa kampuni, kijana wa Dunda mwenye adabu zake. Alipiga hodi, akabaki nje ya mlango uliofungwa, maana mjane aliye edani haonani na mwanamume wa kando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema ulilotumwa."

Akasema. Kile kinu cha kusaga mawe meusi, walichokijenga Wazungu huku kwetu Kiwangwa, kilikuwa kimefungwa tangu mwaka uliopita, mwaka wa hamsini na sita. Mchanga uliobaki una sumu isiyoonekana wala kunusika, na sasa malori yanauzoa kuupeleka kwenye shimo lililochimbwa porini, kupita Msata. Jana yake Mzungu alikuwa amezunguka na kimashine kwenye nyumba za waliofanya kazi kinuni. Kwa wengine kilinyamaza. Kwenye ukuta wangu kililia kama njugu zinazokaangwa.

Sababu niliijua. Udongo wetu ukiukandika mtupu, unapasuka kabla hata mvua haijanyesha. Mchanga wa kinuni ulikuwa laini kama unga uliochekechwa, tena wa bure. Ramadhan aliubeba debe kwa debe, akauchanganya na udongo, akakandika nyumba nzima. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Wanawake walikuwa wakija kuupapasa ukuta wangu, nami nikivimba kichwa, sikatai.

"Ndicho kilichomuua?" nilimuuliza.

"Sijui, mama. Nilimuuliza Mzungu, hakunijibu."

Nililia palepale nyuma ya mlango. Halafu nikamwambia siondoki. Nitamaliza eda kwenye nyumba ya mume wangu, kwa sababu hilo ndilo jambo la mwisho nililobakiwa nalo la kumfanyia. Nikishatoka, wabomoe watakavyo. Nilitegemea abishe. Badala yake alisema wataanza na lundo la kinuni, nyumba yangu iwe ya mwisho, ila nihamie kwenye jiko la uani, ambalo lilikuwa la makuti matupu. Jiko lilikuwa ndani ya ua uleule, kwa hiyo eda yangu haikuharibika. Nilimshukuru kwa ukali, ndivyo nilivyo.

Tangu siku ile watu walikatika. Kabla yake wanawake walikuwa wakija kila jioni na chakula, tunakaa, tunamkumbuka marehemu. Sasa walikuwa wamesikia kwamba kimashine kimelia, wakaamua kuwa na mjane mwenyewe anaambukiza. Sihaba, jirani yangu na shoga yangu wa miaka ishirini, aliniwekea bakuli la uji juu ya jiwe njiani, akaondoka mbio. Kesho yake hata bakuli halikuja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema; basi mimi nilijua kwamba sina. Nilikuwa naongea na sufuria. Nilitamani hata yule Bwanausi apige hodi tena, Mungu anisamehe.

Siku ya tano nilichungulia kwenye ua nikamwona Mina, mjukuu wa Sihaba, mtoto wa miaka miwili, amechutama uani kwao, kando ya mtungi wa maji. Mtungi huwa tunauketisha juu ya mchanga mbichi ili maji yapoe. Mina alikuwa anauchota mchanga ule na kulamba vidole.

Ulikuwa mchanga wa kinuni. Mchanga ule tulimpa sisi. Mimi ndiye niliyemwambia Ramadhan, mpelekee na Sihaba debe mbili, mchanga mzuri huu. Kwa kuwa nyumbani kwa Sihaba hakuna aliyefanya kazi kinuni, kimashine hakikupita kwake.

Nilimwita Sihaba. Alitoka, akamnyakua mtoto, akafunga mlango. Ningeweza kumngoja Bwanausi nimwambie, lakini angekuja na lori lake, na watu wangemfanyia Sihaba kama walivyonifanyia mimi. Kumchongea jirani kwa watu wa kampuni sikuweza. Mtu wa kumtuma sikuwa naye. Na siku sita zilizobaki, mtoto angezilamba zote.

Nilijifunika gubigubi nikatoka, saa nne asubuhi, kila mtu akiniona.

"Umetoka eda!" Sihaba alipiga kelele mlangoni. "Mwaija, mwenzio hata hajatulia kaburini! Tena unaniletea sumu yako!"

"Sumu unayo chini ya mtungi, shoga. Ni mchanga wa Ramadhan. Utoe, mtoto anaulamba."

"Mlionipa wenyewe?"

"Sisi wenyewe. Hatukujua."

Aliubamiza mlango. Nilirudi nyumbani. Baadaye nikasikia mtungi unaburutwa, kisha jembe. Alasiri alipita na debe kichwani kuelekea kwenye lundo la kinuni. Nikasema alhamdulillahi.

Lakini mdomo wake haukukaa. Ulipita nyumba kwa nyumba: Mwaija kavunja eda. Nilichomfuata hakukisema, maana angelazimika kusema na mchanga wake. Nami nilinyamaza. Nilikuwa na hasira hata usingizi ukanikimbia, ila nilinyamaza.

Siku ya mwisho ilifika. Kwetu, mjane anapotolewa eda wanawake huja alfajiri, humwogesha, humvika khanga mpya, wakamsomea dua. Nilifagia uwanja. Nilipika uji wa watu kumi. Jua likapanda, uji ukashika utando, njia ilikuwa tupu. Nikajiogesha mwenyewe. Nikajisomea dua, nikaitikia mwenyewe amina.

Adhuhuri Bwanausi alikuja na lori. Ndiyo kwanza nimwone uso; alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Vibarua walibomoa ukuta wa Ramadhan kwa sururu, wakautupia garini vipande vipande. Nilikaa juu ya furushi langu kando ya njia nikiangalia. Ng'ambo ya ua Mina alikuwa anacheka na kukimbiza kuku.

Bwanausi alikuja akasimama karibu yangu.

"Mama, nani anakuja kukupokea?"

Niliitazama njia mpaka kwenye kona. Ilikuwa tupu.

"Pakieni tu, mwanangu," nilimwambia.