Moja ya Kuchora

Jumamosi tarehe 31 Januari 2026, saa tatu na dakika tano asubuhi, katika chumba cha parokia huko Kadutu, Bukavu, mwalimu wa Kijerumani Donatien aliandika ubaoni: die Schule, das Heft, das Zeugnis. Wanafunzi wake tisa, wote watu wazima, walinakili. Kando ya neno la tatu aliongeza: karatasi ya pointi.

Consolate, fundi cherehani, aliinua mkono. Karatasi ya namna hiyo alikuwa nayo katika simu. Binti yake Nathalie, mwenye miaka kumi na minne, anaishi Kassel, Ujerumani, na baba yake, na alikuwa ameituma jana jioni: hesabu 5, Kijerumani 5, kuchora 1. Alituma na ombi. Mwalimu wa kuchora alimpa nafasi katika kikundi chake. Baba alisema mama ndiye atakayeamua. Jibu lilitakiwa Jumamosi hii kabla ya saa nne ya kule, yaani saa tano ya Bukavu, wakati liste ya majina ingefungwa.

Consolate alikuwa amekataa. Kwa hesabu yake, tano kwa kumi ni nusu, na nusu ni kupita. Mwenye moja kwa kumi katika kuchora aende kuchora nini?

"Maman Nathalie, hawahesabu kwa kumi," Donatien alisema. "Kwao moja ndiyo iko ya juu kabisa. Tano ni kuanguka."

"Basi miye ningekuwaka premier primaire yote," alisema Bulonza, fundi wa pikipiki, aliyepata moja moja shule ya msingi nzima. Darasa lilicheka.

"Mwalimu, uko hakika?" Consolate aliuliza.

"Nilisoma kule miaka ine, maman."

Consolate alitoka uani. Saa tatu na nusu alirekodi sauti: "Natha, maman alikosea. Ile moja sikuielewa. Enda ku dessin, uchore, waambie miye nimekubali." Ujumbe haukuondoka. Alipiga simu mara sita, haikupita. Alishuka hadi sokoni, na muuza unités za simu akamwambia connexion ya mtandao imekatika Kadutu yote tangu saa tatu.

"Jaribu Nyawera, maman. Kule inakuwaka."

Alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda mtaa huo. Njiani kulikuwa na kizuizi, na magari na pikipiki vilisimama. Saa tano na dakika mbili, Nyawera, ujumbe uliondoka.

Saa tano na dakika nane Nathalie aliandika: "Maman, baliisha kufunga liste."