Mgongo Mchangani

Kwao Ekwam, kwenye mieleka, mgongo wako ukishagusa mchanga umeshindwa, unanyanyuka, unajikung'uta. Ndiyo maana kwenye mazoezi ya judo ya polisi Lodwar, kila alipoangushwa alilegea. Koplo Opondo alichoka kumgombeza. "Miguu bado unayo," alimwambia. "Itumie."

Siku ya mashindano Kakuma, Kiplagat alimbwaga. Kwa sheria za judo mwangusho huo haukutosha kumaliza pambano, refa akawaacha waendelee, lakini mjomba wake Ekwam alishainua kigoda chake aende zake.

Safari hii Ekwam hakulegea. Akiwa chali, alikamata mikono ya koti la Kiplagat, akamwekea nyayo kiunoni, akamzuia asimlalie. Kiplagat alipomwegemea kwa uzito wote, Ekwam alimvuta, akamrusha kupitia juu ya kichwa chake mwenyewe.

Mjomba akarudisha kigoda chini, akakaa.

"Kumbe," akasema, "walikuwa hawajaanza."