Vespera ya Bagika na Bagalu

Kwaya za siku hizi sizitaki, msinisimulie. Mimi Scolastika nilipika miaka tisa katika shule ya waimbaji wa kanisa kubwa la misheni huko kwetu Shinyanga, kuanzia mwaka wa hamsini na mbili, na nilikuwepo siku ile kanisa zima lilipohama upande mmoja kwenda upande wa pili huku Askofu anaangalia. Wapo wanaosema aliyeanza kuhama ni mke wa katekista. Waongo hao. Nilianza mimi.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba mbili za matofali nyuma ya kanisa, wavulana thelathini na wawili, na mwalimu mmoja wa kuimba, Mwalimu Pantaleo. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwembamba, mtu wa kupiga pasi hata leso. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kuimba Misa na Vespera, yaani sala ya Jumapili alasiri, yote kwa Kilatini, huku wakisoma masomo ya kawaida mpaka darasa la sita. Aliyefaulu vizuri alipelekwa mbele, hata ualimu.

Kengele iligongwa saa kumi na moja alfajiri. Watoto wakishaoga yale maji ya baridi, walilala chali sakafuni, kila mmoja na jiwe lake juu ya tumbo. Wanavuta pumzi, jiwe linapanda. Wanaiachia polepole, jiwe linashuka. Siku ya kwanza kuona mambo hayo nilidhani wanaadhibiwa, nikaenda kumfokea mwalimu na mwiko mkononi. Akaniambia, "Mama Makoye, sauti haikai kooni, inakaa tumboni." Nikamjibu kwamba kama inakaa tumboni basi aniombee unga zaidi kwa Padri Mkuu, maana tumbo tupu haliimbi. Unga ukaongezwa, na tangu hapo tukaelewana. Baada ya jiwe ni uji, baada ya uji ni sauti za kupanda na kushuka hadi saa mbili, kisha darasani. Walikatazwa kula pilipili, kupiga miluzi na kuwapigia ng'ombe kelele. Mtoto wa Kisukuma asiyewapigia ng'ombe kelele, hebu fikirieni.

Makoye ndiye mwanangu, na alikuwa mmoja wa wale thelathini na wawili. Baba yake alifariki Makoye akiwa bado ananyonya. Kwa desturi yetu, ng'ombe wa mahari wakishatolewa mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo mwenye neno juu yake alikuwa Bujiku, kaka mkubwa wa marehemu. Bujiku alikuwa mchimbaji mdogo huko machimbo ya Geita, yeye na wenzake wanne na shimo lao, wanatafuta dhahabu ambayo mimi sijawahi kuiona. Mwezi wa sita mwaka wa hamsini na saba akaja na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope, akakaa jikoni kwangu, akala, akanawa, ndipo akatoa lililomleta.

"Shemeji, mtoto amekua, mabega anayo. Tunahitaji mtu wa kubeba mchanga mpaka mtoni. Nimekuja kumchukua."

Nilimwambia Makoye amebakiza mwaka mmoja na nusu. Nilimwambia Mwalimu Pantaleo amesema huyu atafika ualimu. Nilipiga magoti, mimi ambaye sipigi magoti ovyo, nikamwomba. Bujiku akasema kuimba ni kazi ya ndege. Mwishowe, kwa sababu alikuwa amekula chakula changu na aibu kidogo alikuwa nayo, akanipa muda: Askofu alikuwa anakuja mwezi wa nane kwa sikukuu ya kanisa, basi mtoto aimbe siku hiyo, na kesho yake alfajiri waondoke. Nililia usiku kucha. Asubuhi nikaunguza uji, wakaunywa hivyo hivyo.

Sasa njooni kwa Mwalimu Pantaleo. Kwa ajili ya Askofu alitaka zaburi ndefu ya Vespera iimbwe kwa pande mbili, kama alivyoona seminarini: upande wa kulia unaimba mstari, wa kushoto unajibu mstari unaofuata, hivyo hivyo hadi mwisho. Akawaambia watoto, "Jigaweni wenyewe, nusu kwa nusu, na msigombane." Akatoka kwenda kutafuta kifilimbi chake cha kutolea sauti. Aliporudi akakuta wamekwisha jigawa, kumi na sita huku, kumi na sita kule, kimya, wamenyooka. Alifurahi mpaka akaja kunisimulia jikoni. Akasema watoto wa Kisukuma wana nidhamu ya ajabu.

Mwalimu masikini, laiti angeniuliza mimi. Nilichungulia dirishani mara moja tu, nikajua. Huku kwetu kila ukoo wa wacheza ngoma ni wa Bagika au ni wa Bagalu, hakuna wa katikati. Siku ya mashindano pande zote mbili zinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, zinatazamana, na hakuna mwamuzi. Mwamuzi ni miguu ya watu. Watazamaji wakikukimbia wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, na utachekwa mpaka mavuno yajayo. Mapadri walizikataza ngoma hizo kwa sababu ya dawa zake za uganga, na watoto wa shule hawakuzicheza kweli. Lakini kila mtoto alijua baba yake ni nani. Basi kulia wamesimama wana wa Bagika, Makoye wangu mbele yao. Kushoto wana wa Bagalu, na mbele yao Marcel, kijana mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu toka mlima wa pili.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia mwalimu. Niliona haya kumwondolea furaha yake. Halafu marehemu alikuwa Mgika, na mimi nilipoolewa nilikuwa Mgika kuliko yeye. Nilipomwona mwanangu amesimama mbele ya Bagika, roho yangu ilijaa, basi nikafunga mdomo. Wiki sita zote walifanya mazoezi kwa upole kabisa, maana mashindano bila watazamaji ni mazoezi tu, na mwalimu akazidi kuwasifu.

Jumapili ikafika. Watu walitoka Shinyanga mjini, Kahama, wengine hata Geita, kanisa likajaa hadi mlangoni. Wanawake tulikaa kushoto na wanaume kulia, kama ilivyokuwa desturi. Askofu, mzungu mzee mwenye miwani minene, aliketi kwenye kiti chake kikubwa karibu na altare, Padri Mkuu kando yake. Bujiku alibaki nje. Hakuwa amekanyaga kanisani maisha yake yote. Aliegemeza baiskeli ukutani chini ya dirisha akasubiri, na mimi nilikuwa nimekwisha mfungia mwanangu furushi lake.

Mwalimu akapuliza kifilimbi, akainua mkono. Makoye na wenzake wakaanza mstari wa kwanza, taratibu, vizuri. Marcel na wenzake wakajibu. Nikasikia bibi mmoja nyuma yangu anamwambia jirani yake kwa Kisukuma, "Aa, kumbe ni Bagika na Bagalu." Neno hilo likaruka toka benchi hadi benchi, likavuka kwa wanaume, watu wakaanza kunyoosha shingo. Na watoto wakaona. Nilimwona Makoye ameona. Alivuta pumzi, akauachia mstari wa tatu, na haukuwa tena mstari wa mazoezi. Mayo, mama yangu, sauti ile ilinipanda toka nyayo.

Nikasimama. Sikuamua, nasema kweli, sikuamua chochote. Nilipita katikati ya kanisa mbele ya Askofu na aproni yangu, nikaenda kusimama upande wa kulia, kwa wanaume, mbele ya Bagika. Mke wa katekista akanifuata. Nyuma yake wakaja kumi, nyuma ya kumi wakaja hamsini, na vitoto mgongoni.

Marcel akajibu. Kijana yule mfupi alishika neno la mwisho la mstari, akalivuta, akalipandisha, wenzake kumi na tano wakalipokea wakalishusha pamoja kama wanaojua ngoma tangu tumboni. Kilatini hakikuandikwa hivyo, lakini ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Watu wakageuka wakarudi kushoto, na mara hii wanaume nao wakaenda, wakajaa kwenye mabenchi ya wanawake. Benchi moja likaanguka. Mwalimu Pantaleo alikuwa anaonyesha kwa viganja, polepole, polepole, na hakuna mtoto hata mmoja aliyemtazama. Makoye akajibu, nusu ya watu wakarudi kwetu. Marcel akajibu, wakaondoka. Tukawa tunakwenda na kurudi, mistari kumi, kumi na mbili. Padri Mkuu alikuwa mwekundu hadi masikioni. Askofu amevua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

Kufika mstari wa kumi na sita, nilitazama kulia na kushoto kwangu nikaona tumebaki kama kumi na mmoja. Watoto wangu walikuwa wanaimba vizuri, tena vizuri sana, lakini wale wa Marcel waliimba kama mtu mmoja. Moyo uliniuma. Ndipo mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia Bujiku, kofia kichwani, jasho linamtoka. Alikuwa amesikia dirishani kwamba tunaelemewa. Akaja moja kwa moja akasimama mbele ya watoto, akapiga mguu chini mara moja, akawaambia kwa Kisukuma, "Msiwaangalie wao. Niangalieni mimi."

Wakamwangalia. Sifa ya mwisho ya zaburi, ile ya kumtukuza Baba na Mwana, ilitakiwa kuimbwa na pande zote pamoja, na hapo ikawa uwanjani kabisa, Bagika na Bagalu uso kwa uso, kila upande kwa nguvu zake zote, na maajabu ni kwamba hawakupotezana. Vioo vya madirisha vililia. Nilifurahi mno, machozi yalinitoka nikayaacha. Sijawahi kusikia tena kitu kama kile, na nina miaka mingi.

Walipomaliza, kanisa lote lilikuwa kushoto. Kulia tulikuwa mimi, Bujiku, mke wa katekista, na mzee mmoja kiziwi aliyekaa pale tangu mwanzo.

Mwalimu Pantaleo alikuwa ameinamisha kichwa. Padri Mkuu alimwinamia Askofu, akamnong'oneza kwa muda mrefu. Askofu akasikiliza, akasimama, akatutazama sisi wanne, akawatazama wale mia tano. Akasema kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Nimeimba Vespera miaka arobaini. Sijaona watu wanaikimbilia." Akamgeukia mwalimu. "Mwakani nitakuja tena. Pande hizi zibaki hivi hivi." Akabariki kushoto, kisha akageuka akabariki na kulia, msalaba mzima, kwa watu wanne.

Nje nilimfuata Bujiku kwenye baiskeli yake. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na maneno ya kumwambia ambayo hata marehemu mume wangu hakuwahi kuyasikia, na kama maneno yangeshindwa, nilikuwa tayari kulala mbele ya gurudumu. Makoye alisimama mlangoni mwa jiko, furushi mkononi, macho mekundu. Baba yake Marcel akapita na kundi la Bagalu, akasema, "Bujiku, wasalimie Geita," na wote wakacheka wakaenda zao. Bujiku alikuwa anaminya kengele ya baiskeli bila kuipiga.

"Kesho mnaondoka saa ngapi?" nikamwuliza.

"Tunaondoka nani?"

"Wewe na mtoto."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mama Makoye, una akili wewe? Tumeshindwa mbele ya Askofu, mbele ya nchi nzima. Leo nimwondoe kiongozi wetu, kesho Bagalu waseme Bagika wamekimbia? Haendi popote. Atabaki hapa, ale hilo jiwe lenu la tumboni mpaka ashinde. Siku atakayoshinda ndipo nitamfuata." Akapanda baiskeli akaondoka, hata kula hakula.

Nilimnyang'anya Makoye furushi nikalifungua palepale, nguo zikaanguka mavumbini, nikacheka, nikamkumbatia mpaka akalalamika. Kisha nikakaa juu ya kuni nikawaza. Niliwaza maneno ya Bujiku toka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama ninayechambua mchele.

Jumatatu asubuhi watoto wakaingia kula, kila upande kwenye meza yake. Niliteremsha sufuria ya maziwa. Sijawahi kumpa Mgalu hata maji ya kunywa kwa hiari yangu, lakini nilikwenda kwenye meza ya Bagalu nikawajazia vikombe kumi na sita mpaka juu, nikamwekea Marcel mayai mawili ya kuchemsha, nikamwambia ale vizuri, atunze koo, asilale na shuka lenye unyevu. Kisha nikarudi kwa wanangu Bagika na sufuria ya uji.

Makoye akatazama bakuli lake, akatazama mayai ya Marcel. "Mama, mbona sisi uji mtupu?"

Nikamwambia anyamaze, anywe.