Ng'ombe wa Jirani

Mimi nimeolewa na fundi wa nguo, si na mbunge. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku ile mume wangu Okiria alisahau.

Wakwe walikuwa wametoka Nambale, Mzee Mulama na ndugu zake, kuzungumzia mahari ya binti yetu Sylvia. Kuku yuko mezani, soda zimefunguliwa. Hapo ndipo Eucabeth, mhudumu wa afya wa mtaa wetu hapa Malaba, akabisha hodi, simu mkononi. Alikuwa anasajili watu kwa bima ya afya. Mwenye mshahara hukatwa kazini. Sisi tuliojiajiri tunaulizwa mali tuliyo nayo, tunakadiriwa, halafu tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo.

"Nirudi kesho, mzee?" Eucabeth aliuliza.

"Kesho ya nini? Uliza!" Okiria akadakia.

Wueh! Aliulizwa ng'ombe, akaonyesha wa jirani waliokuwa wanakula nyasi pale nje. Friji? Ipo. Cherehani? Nne, na mafundi ameajiri. Nne! Tuna moja, tena ya kukanyaga. Nilimkodolea macho mpaka yakauma, lakini kwetu mke hamkosoi mume mbele ya wakwe, hata nyumba ikiwaka moto. Mzee Mulama aliitikia kwa heshima, akajiongezea ugali.

Makadirio yalipokuja, hata tungeuza hiyo cherehani yasingelipika.

"Mwite Eucabeth arekebishe," nilimwambia Okiria.

"Dada yake ameolewa Nambale. Unataka nichekwe?"

Nilimsihi miezi na miezi. Nikasema tena, akanuna, akahamia kula kwenye kibanda chake cha kushonea. Haki ya Mungu, kiburi cha huyu mtu kinanichosha.

Kisha jicho lake la kushoto likaanza kuona ukungu. Akawa ananiita nimtungie uzi kwenye sindano. Daktari alisema ni presha ya jicho, apasuliwe haraka, bima italipa. Bima gani sasa? Okiria alinunua dawa ya matone akaendelea kushona, na kwa Eucabeth hakwenda. Siku sindano ya cherehani ilipopita katikati ya kidole chake, ndipo akaniambia nimwite.

Safari hii alijibu kila swali taratibu, akiangalia chini. Makadirio yakashuka, tukachanga, tukalipa. Tukaenda hospitali Busia.

Daktari alimulika, akamulika tena. Akasema hilo la kushoto limeenda, halirudi. Watapasua la kulia, ambalo nalo limeanza, ili angalau libaki.

Njia yote nilikuwa nimejipanga kumpasulia ukweli. Tulipokaa kwenye benchi, Okiria aligeuza kichwa chote ili anione, maana nilikuwa nimeketi upande wake wa kushoto, na hasira ikaniisha. Nilimwonea huruma.

"Amoding," akasema, "ningesema tu sina. Kusema sina kungeniua?"

Nilihamia upande wake wa kulia.